Sifuri ya Tangi la Keringet

Mwanangu, kuna alasiri moja ya Keringet ambayo nimehama nayo kila mji nilioishi.

Nilikuwa nimemaliza shule ya upili juzi juzi, najifunza kazi kwa mama mmoja fundi, Wairimu, aliyetengeneza mitambo ya matangi ya kupozea maziwa. Siku hiyo tulikuwa tunamalizia programu ya tangi jipya, kwa lugha ya C. Kesho yake wakulima wangeleta maziwa.

Kompaila, ile inayoigeuza programu kuwa lugha ya mashine, ikatoa onyo: kibadilika tulichokiita joto, yaani nafasi ya kuwekea kipimo cha joto, huenda kikatumika kabla ya kupewa thamani. Nikakipa sifuri pale mwanzo. Onyo likapotea.

"Mathe, imenyamaza!" nikamwambia Wairimu.

"Imenyamaza, ama umeiziba mdomo?"

Tangi lilikuwa na maji vuguvugu ya kujaribia. Wairimu akachomoa waya wa kipimajoto. Kioo kikaonyesha sifuri, mota ya kupozea ikazimika. Akanishika mkono, akautumbukiza ndani ya maji.

"Hiyo ni baridi?"

"Hapana."

"Basi kesho maziwa yakichacha, wewe ndiye utawaambia akina mama walioyaleta kioo kilisema ni baridi."

Kibadilika kisichopewa thamani hubeba takataka yoyote iliyobaki kwenye kumbukumbu ya mashine, na hiyo ni hatari tosha. Lakini sifuri yangu ilikuwa uongo uliovaa vizuri. Kompaila ilikuwa inaniuliza: kipimajoto kisipojibu, tangi lifanye nini? Mimi nilikuwa nimelikwepa swali.

"Hatutoki hapa," Wairimu akasema, "mpaka hili tangi lijue kusema sijui."

Tukafuta sifuri. Tukaandika kwamba kipimajoto kikinyamaza, mota iendelee na king'ora kilie. Akachomoa waya tena. King'ora kikapiga kelele hadi askari wa lango akaja mbio na rungu.

"Boss, wezi wako wapi?"

"Tumeshamshika," Wairimu akamjibu, akinielekeza kidole.

Kompaila ikapita bila onyo, na asubuhi maziwa yakamiminwa.

Kwa hivyo, mwanangu, usiyazime maonyo, wala usiyatulize kwa sifuri ya haraka. Fuata kila njia ya programu yako mpaka uipate ile ambamo kibadilika kinapita mikono mitupu, bila thamani, na uamue papo hapo kitakachofanyika. Ukikosa jibu, keti hapo hapo mpaka ulipate.

Mungu akupe subira ya kuketi, na chochote utakachowasha kiendelee vyema hata ukiwa umeshahamia mbali.