Mpini Kwenye Vidole

Nisikilize, wewe unayeanza gofu. Mke wangu alikulia Mgeta, kule milimani, akilima miteremko ile tangu utotoni. Nilipomfundisha gofu hapa Morogoro mjini, kila mpira wake ulitumbukia kwenye kijito kinachokatiza uwanja. Siku moja akaapa kwamba mpira usipovuka leo, anaacha mchezo.

"Baba watoto, jembe halijawahi kunidharau hivi," alisema.

Nikaitazama mikono yake. Alikuwa ameubana mpini wa fimbo ndani ya viganja, kama wa jembe. Kwa udadisi nikaiga mshiko wake, na vifundo vya mikono yangu vikagoma kukunjika. Nilipouhamishia mpini kwenye vidole, vikakunjika bila kulazimishwa.

"Shika kwa vidole," nikamwambia.

"Fimbo ikiniponyoka ikampiga mtu?"

"Mtu mwenyewe ni mimi tu hapa."

"Basi hakuna hasara."

Akapiga huku anacheka. Vifundo vilikunjuka kwa kasi na mpira ukavuka kijito. Akadai mwingine papo hapo.

Nawe, laza mpini kwenye shina la vidole, ufumbe mkono taratibu, kisha ujaribu kukunja vifundo. Vikigoma, legeza mshiko kidogo kabla hujapiga.