Kibao cha Shaba Mlangoni

Enzi zetu, Jumamosi ilinukia ndimu na jivu. Watoto wa leo hulala mpaka saa tano, simu kifuani, halafu wanasema wamechoka! Wamechoka na nini, jamani? Sisi saa mbili tulikuwa tayari kanisani, mimi na rafiki yangu Njeri, tukisugua kwa ndimu na jivu kile kibao cha shaba mlangoni. Kanisa letu la mawe lilijengwa na kasisi Mwingereza hapa Eastlands, pamoja na nyumba yake pale nyuma, na kibao kilieleza habari yote: jina lake, kazi yake, na chini kabisa, mwaka.

Njeri alikuwa mrefu, akashika juu. Mimi kibushuti nilipewa mstari wa mwisho. Mama, aliyeongoza kina mama wa usafi, alisimama nyuma yangu. "Wanza, sugua mpaka nione meno yangu!" Mama hakuwa mtu wa mchezo. Nilisugua. Tukimaliza, mke wa kasisi wa siku zile alitupa chai na mandazi kwenye baraza ya nyumba ile, nasi tukichungulia sebuleni tulicheka kuona mahali pa kuotea moto pamejengwa ndani ya ukuta, utadhani yule Mwingereza hakuliona jua la Nairobi.

Sasa wiki hii sijatulia. Nakaa, nasimama, chai inapoa. Kuna bwana amekuja na karatasi zake, anadai kiwanja cha nyumba ya kasisi ni chake, eti kanisa lilijipenyeza pale juzijuzi tu. Anataka kubomoa. Jumapili baada ya ibada, pasta wetu, kijana mgeni, alituita wazee mbele ya kibao kutafuta ushahidi. Kinang'aa kama kijiko, na hakina hata herufi moja; miaka ya ndimu na jivu imezila zote.

"Kuna aliye na picha yake ya zamani?" akauliza.

Picha! Hawa hupiga picha hata chipsi kabla ya kula. Enzi zetu picha ilikuwa ya harusi.

Njeri akafumba macho, akayataja maneno yote kutoka juu, polepole, pasta akiandika. Alipofika chini akafungua macho, akanitazama. Kila mtu akanigeukia.

"Na mwaka, Mama Kioko?" pasta akaniuliza.

Nikafumba macho pia. Nikaiona shaba, nikaliona jivu kwenye kucha zangu. Mungu wangu, niliutazama mstari ule Jumamosi zote za utoto wangu, na sikuusoma hata siku moja. Nilikuwa nikitafuta meno ya mama.