Nilimgeuza kuhani wa kwenye series kuwa shekhe, na mama wa watu amekufa na dukuduku lake

Wakuu, salaam. Hii sijaitia chumvi, natamani ingekuwa uongo.

Nina banda la video Kanga, huku Mafia. Wateja wangu wengi ni wavuvi, Kiingereza hakipandi, kwa hiyo nashika maiki natafsiri mwenyewe. Sifa tu wakuu, napenda kusikika.

Nikaleta series ya sci-fi. Watu wanaishi anga za mbali na dini yao. Mtu akipotea bila maiti kuonekana, kuhani wao anakataza asiombewe, eti mashine imehifadhi roho yake, atarudi.

Sasa "kuhani" nikaona haliingii masikioni mwa watu wangu. Nikasema "shekhe". Kumwombea nikasema "kumswalia".

Banda zima likawa linanisikiliza mimi tu. Kichwa kikanivimba.

Kombo alikuwemo. Mdogo wake, Faki, alizama upande wa Ras Mkumbi na maiti haikupatikana. Mama yao alikuwa hoi kitandani, ana ombi moja tu: Faki aswaliwe swala ya ghaibu, ile ya maiti asiyekuwepo, asomewe hitima, roho yake itulie.

Kombo akanifuata mlangoni.

"Maalim," ndivyo wanavyoniita bandani, "yale ya shekhe ni kweli?"

Nikamtania. "Shekhe keshasema, mie nani nipinge?"

Kumbe alikwenda nyumbani akakataa katakata. Mama akiomba, anaambiwa asubiri, Faki atarudi. Ikawa hivyo miezi, mpaka mama akafariki.

Mazishini imamu akamuuliza mbona mdogo wake hakuswaliwa. Kombo akaninyooshea kidole mbele za watu.

"Shekhe wake huyu kakataza."

"Shekhe gani?" imamu akaniuliza.

Ikabidi niseme. Hakuna shekhe. Ni mtu wa kwenye series, wa kubuni.

Nilisubiri ngumi ya Kombo wakuu, na bora angenipiga.

"Nilimwambia mama hana imani," akasema.

Siku hiyo tuliswali mara mbili, ya mama kisha ya Faki. Mimi nilisimama safu ya nyuma, nalia.

Mnaotafsiri, maneno ya dini msiyachezee kwa kutafuta sifa. Kuna mtu hapo ana msiba wake, anayabeba yote mpaka nyumbani.

Banda nimefunga. Wenye elimu, nishaurini: radhi ya yule mama naiomba vipi, na yeye yuko kaburini? Matusi pia ruksa, nitasoma yote.