Akilia, Mpe

Rosalia alikuwa amechoshwa na watu, na panya nao wakamchosha. Watu walijaa uani kwake, hapo Mutuka, tangu asubuhi, kila mmoja na ushauri wake mfukoni. Panya walikuwa wakitafuna blanketi la mgonjwa usiku. Alikuwa ameshashona pindo lake zaidi ya mara moja, akatega na mtego chini ya kitanda, lakini hakuna panya aliyenasa.

"Hata panya wa nyumba hii ni wajuaji," alisema.

Mgonjwa mwenyewe alikuwa mumewe, Modesti, mkulima wa mahindi na mbaazi, mzaliwa wa kule juu milimani Mbulu. Saratani ilikuwa imemshika ini, na madaktari walisema wazi kwamba hapakuwa na cha kupasua tena. Miaka ile mkoa wa Manyara ulikuwa bado mchanga, na habari ya nesi kumfuata mgonjwa nyumbani, si kumponya bali kumpunguzia maumivu mpaka siku yake, ilikuwa ngeni kwa wengi. Lakini nesi alikuja. Aliitwa Emerensiana, alikuja kwa pikipiki kila Alhamisi, na mara ya kwanza tu akaacha chupa ya dawa ya maji.

"Mama Evelyne, mpe kila baada ya saa nne," alieleza taratibu. "Awe analalamika au halalamiki, mpe. Msisubiri maumivu yapande. Yakishapanda, kuyashusha ni kazi."

Rosalia alielewa vizuri kabisa. Shida ilikuwa Melkiadi.

Huyu Melkiadi alikuwa kaka mkubwa wa Modesti, na ukooni kwao neno la kaka mkubwa halikatiwi rufaa. Pikipiki ya nesi ilipopotea tu, akaita kikao mle mle chumbani.

"Hiyo ni dawa ya kumalizia watu," akasema. "Kuna mtu kule Maisaka alipewa, hakuamka. Mnataka tusemwe kwamba tumemuua ndugu yetu?"

Rosalia akabisha. Wakabishana weee, mpaka uji ukaungulia jikoni. Mwisho wakapata suluhu, na kila mtu akaiona ya busara: chupa ikae kabatini. Akilia kwa maumivu, apewe. Asipolia, ya nini?

Hakuna aliyemuuliza Modesti. Alikuwa amelala palepale, anasikia kila neno.

Basi chupa ikakaa. Jamani, na huyo ndiye mtu wa kusubiriwa alie! Melkiadi alishinda kwenye kigoda pembeni ya kitanda, usiku akalala chumba hichohicho, na kila mgeni aliyeingia alisimuliwa habari ileile: jinsi gogo lilivyomwangukia Modesti ujanani, mguu ukavunjika, na yeye Melkiadi akambeba mgongoni huku akimwambia, "Usilie, watu wanatutazama." Na kweli hakulia.

"Huyu ni mwanaume," Melkiadi alimalizia, na wageni wakaitikia.

Modesti alitazama dari. Rosalia akimuuliza, "Baba Evelyne, inauma?" alijibu, "Kidogo tu."

Alhamisi iliyofuata Emerensiana alifungua kabati, akaishika chupa, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Mama, mbona imejaa?"

"Hajalia," Rosalia akasema. Alipojisikia mwenyewe alivyosema, akaona aibu.

Nesi akaiweka chupa chini. Akainama ili amgeuze mgonjwa, na mkono wake ukagusa pindo la blanketi. Lilikuwa limeloa.

"Hili limefanyaje?"

"Panya hao. Wananitesa kweli."

"Panya gani, mama? Hapa kuna mtu anauma blanketi ili asisikike."

Rosalia akamtazama mumewe. Modesti akafumba macho.

"Toka nje!" Rosalia akamgeukia Melkiadi. Tangu aolewe hakuwahi kumpandishia sauti. "Toka, shemeji, beba na kigoda chako!"

Melkiadi akatoka, mdomo wazi. Rosalia akapima dawa mwenyewe, kwa hasira: hasira na shemeji, na wageni, na mume mbishi kupindukia, na zaidi na yeye mwenyewe, aliyekaa akishona pindo na kutukana panya.

Modesti akalala. Alilala usingizi ambao hakuwa ameupata tangu atoke hospitali, huku uani Melkiadi akizungukazunguka na kusema, "Mmeona? Haamki huyo!"

Jioni akaamka. Akaomba uji, akauliza kama mbaazi zimeanza kuvunwa. Melkiadi alipoisikia sauti hiyo aliingia mbio, akachuchumaa kando ya kitanda, macho yamemjaa machozi.

"Mdogo wangu, kwa nini hukusema?"

Modesti akamtazama bila kinyongo.

"Ulikuwa umekaa hapo, kaka."

Rosalia akainama, akauvuta ule mtego chini ya kitanda, akautupa nje.