Fundi Swafiya na Barua Tatu za Mwarimu

KIGALI, Oktoba 1992

Saa moja kasorobo asubuhi, ukungu haujaondoka kwenye uwanja wa ndege wa Kanombe, na Swafiya Maneno tayari ameingiza mkono wa kulia ndani ya injini hadi kwenye kiwiko. Haangalii anachokishika. Macho yake yako juu, kwenye bati la paa, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina.

"Hii hapa," anasema, na kutoa plagi nyeusi kwa masizi. Anaigeuzageuza kwenye mwanga, anaifuta, kisha anailaza juu ya kitambaa cheupe, ya nne katika mstari. "Ukiona nyeusi namna hii, injini inakunywa mafuta mengi kuliko hewa. Inasema shida yake yenyewe. Sisi tunasikiliza tu."

Ndege ni ndogo, ya viti sita na propela moja. Hupeleka dawa, barua na abiria wachache Kamembe, kusini-magharibi mwa nchi, na kila inapotimiza saa mia moja angani hufunguliwa na kukaguliwa. Kati ya mafundi kumi na mmoja wa karakana hii, Swafiya, mwenye umri wa miaka ishirini na sita, ndiye mwanamke pekee. Ncha za kilemba chake amezichomeka ndani ya ovaroli, maana kitu kinachoning'inia hakitakiwi karibu na propela.

Hutoka kwao Nyakabanda saa kumi na moja alfajiri. Zamani angeweza kulala kidogo zaidi, lakini tangu vita vianze kaskazini miaka miwili iliyopita, gari la wafanyakazi husimamishwa kwenye vizuizi na kila mtu huonyesha kitambulisho. "Nimezoea," anasema. "Wengine wanasinzia mle. Mimi napitia somo."

Somo, kwa sababu leo ni Jumanne. Baada ya chakula cha mchana atanawa mikono kwa mafuta ya taa na sabuni, ataingia chumba kidogo nyuma ya banda la ndege, na kusimama mbele ya wanafunzi sita. Hadi Aprili mwaka huu, chumba hicho kilikuwa cha Mwarimu.

Jina lake lilikuwa Twagirayezu, lakini pale Kanombe ni mhasibu peke yake aliyelitumia. Wengine wote, marubani kwa wafagiaji, walimwita Mwarimu, yaani mwalimu kwa Kinyarwanda. Alijifunza ufundi Lubumbashi, akarudi nyumbani, na kwa miaka kumi na saba akafundisha zaidi ya watu arobaini kutunza ndege. Vitabu vilikuwa vya Kifaransa. Yeye alivisoma kwa Kifaransa na kuvieleza kwa Kiswahili, kwa kuwa wengi wa wanafunzi wake hawakuwa wamemaliza shule.

"Alikuwa anasema, ndege haiko gari," anakumbuka Kaze, fundi mwenye mvi kidogo aliyeingia karakana mwaka 1981. "Gari ikikufa unashuka, unasukuma. Sasa wewe, kule juu utashukia wapi?"

Swafiya alikutana naye mwaka 1986, kwenye kibaraza cha baba yake, Mzee Maneno, ambaye ni fundi cherehani. Mwarimu alikuwa amepeleka ovaroli kushonwa. Alimkuta binti wa miaka ishirini ameketi chini, cherehani imefumuliwa mbele yake, vipande vimepangwa juu ya kanga.

"Nani alikufundisha?" aliuliza.

"Hakuna. Nilifungua, nikaona."

"Na ukifunga, kuna kipande kinabaki?"

"Hapana. Kinabaki namna gani?"

Mwarimu alimgeukia baba. "Mzee Maneno, huyu nipe. Nitamrudisha kila jioni."

Baba alikataa kwa wiki tatu. Mteja, anasimulia Swafiya, hakuchoka. Alikuja na suruali ya kupunguza, akaja na shati lisilo na kasoro yoyote, mpaka mzee akacheka na kukubali.

Kilichotokea mwezi Februari 1990 Swafiya hakukisimulia kwa mtu yeyote kwa miaka miwili, hata kwa mama yake.

Asubuhi hiyo alikuwa amemaliza kazi kwenye ndege ya Kamembe. Mfuniko wa injini ulishafungwa, abiria watano walishaketi, propela inazunguka. Akaenda kurudisha vifaa vyake kwenye ubao wa ukutani, ambapo Mwarimu alikuwa amechora kwa rangi nyeupe umbo la kila kifaa mahali pake. Umbo moja likabaki tupu. Spana ndogo haikuwapo.

Anasema: "Nilijua iko wapi. Niliiweka pembeni ya waya wa kuongeza moto, ule unaoipa injini nguvu, nikasahau. Na nilijua nikisema, wataniambia: tulisema mwanamke hawezi. Nilisimama pale. Sijui muda gani. Pengine ni kuhesabu tano, lakini mimi naona ilikuwa siku nzima."

Kisha akakimbia. "Mwarimu, spana yangu imebaki ndani."

Mzee hakuuliza swali. Alitoka bandani akitembea, akasimama mbele ya ndege, akainua mikono miwili na kuipishanisha juu ya kichwa. Rubani akazima injini. Abiria walishuka wakinung'unika. Mmoja alikuwa anawahi harusi ya mdogo wake. Mfuniko ukafunguliwa, Swafiya akaingiza mkono na kuitoa spana. Ilikuwa imeshaanza kuteleza kuelekea kwenye waya; ingeukwamisha angani.

Mkuu wa karakana alifika mbio. "Nani amefanya hivi?"

"Mimi," alisema Mwarimu.

Swafiya alifungua mdomo, lakini mzee akamtazama tu, naye akaufunga. Jioni alimfuata darasani akilia, akamuuliza kwa nini alisema uongo.

"Leo umefanya mambo mawili," Mwarimu alimjibu. "Moja baya, moja zuri. Lile zuri ndilo gumu. Wakikufukuza wewe kwa sababu ulisema, kesho mwenzako atanyamaza. Na ndege ya yule atakayenyamaza, mimi sitajua kuisimamisha. Sasa nenda nyumbani. Kesho njoo mapema."

Aprili mwaka huu figo zilimshinda Mwarimu, akiwa na miaka hamsini na nane. Siku ya kumaliza matanga, karakana nzima ilikwenda nyumbani kwake Ndera. Watu walikaa uani, chupa zikagawiwa, soda kwa akina Swafiya, bia ya mtama kwa wengine. Majirani walizungumza, padri akazungumza. Mwisho akasimama mjane, Pudentienne, akiwa na bahasha ya kaki mkononi.

Mama huyu, ambaye hupenda kuongea polepole, alisema mumewe alikuwa mtu mwema ambaye hakuwahi kumpandishia sauti. Lakini alikuwa na jambo moja lililomsumbua.

"Alikuwa anasahau," alisema. "Kazini walimwandikia barua tatu za onyo. Hizi hapa, alizificha pamoja na cheti chake cha ubatizo, nikazikuta mwaka juzi. Kwa sababu ya hizi hakupandishwa cheo hata mara moja. Wakubwa wake mko hapa. Namwombea msamaha."

Akasoma ya kwanza. Februari 1990. Spana iliyosahauliwa ndani ya injini.

Swafiya anasema hakumbuki kusimama, alijikuta amesimama. Mkuu wa karakana alikuwa ameketi hatua tatu kutoka kwake.

"Mama, ile spana ilikuwa yangu. Mwarimu hakusahau kitu. Mimi ndiye nilisahau."

Mjane aliitazama barua, akamtazama msichana, akasoma ya pili. Mwaka 1983, kitambaa kwenye mdomo wa kuingizia hewa.

Kaze akaweka glasi chini, akasimama. "Kitambaa changu," alisema. "Mimi nilifikiri niko peke yangu."

Barua ya tatu ilikuwa ya mwaka 1978, kifuniko cha tangi la mafuta ambacho hakikukazwa. Pudentienne alisoma, akangoja. Watu wakatazamana. Hakuna aliyesimama.

"Basi," alisema mjane, "hii moja tumwachie mwenyewe."

Kicheko kilianzia kwa wanawake waliokuwa jikoni kikaenea ua wote, na yeye mwenyewe alicheka hadi machozi yakamshuka. "Yesu wangu! Na mimi nilimfungia funguo ya nyumba kwa kamba shingoni, nikisema mtu huyu atalala nje! Miaka miwili anaivaa. Alikuwa anacheka tu."

Jumatatu iliyofuata, Swafiya aliitwa ofisini. Alikwenda akiwa ameshasafisha vifaa vyake vyote na kuvipanga, ili atakayevichukua asipate taabu.

"Ni kweli ulichosema Ndera?" mkuu wa karakana aliuliza.

"Ni kweli."

"Ulijua nipo pale?"

"Nilikuona."

Bosi alipekua faili. Halafu akasema kuna wanafunzi sita wanaokaa bure tangu Mwarimu alazwe, na kwamba kampuni ilitaka kukifunga chumba kile. "Anza kesho," alisema. "Jumanne na Alhamisi. Na hicho ulichokifanya Ndera, wafundishe na hicho."

Kwa hiyo leo, saa nane mchana, Swafiya anasimama mbele ya ubao. Katikati ya meza ameweka plagi zake nne. Mwanafunzi mmoja, Ishimwe, anauliza kama ile ya mwisho inaweza kutumika tena. Badala ya kujibu, anampa. "Ishike wewe. Ingekuwa wewe unaruka nayo, ungeirudisha?" Ishimwe anaitazama kwa muda, kisha anaitupa kwenye debe la taka. Darasa linaendelea.

Mpaka sasa Swafiya hufanya kazi, lakini mwingine ndiye husaini kwamba ndege iko salama kuruka. Mwezi Februari atakwenda Nairobi kufanya mtihani utakaompa haki ya kuweka sahihi yake mwenyewe. Mtihani ni wa Kiingereza, lugha ambayo ameanza kujifunza mwaka huu. Kurasa za daftari lake zimegawanywa sehemu tatu, Kifaransa, Kiswahili na Kiingereza. Akifaulu, ataziandika ziwe kitabu kimoja, ili wanaokuja wasinakili kwa mkono kama alivyofanya yeye.

"Ninaogopa, ndiyo," anasema huku akifunga daftari. "Lakini ni woga wa kupenda."

Abiria wa kwanza wa ndege atakayoisaini amekwishamchagua. Mwezi uliopita alikwenda Ndera kumweleza Pudentienne, ambaye hajapanda ndege maisha yake yote. Alimkuta shambani akichuma maharagwe. Mama yule aliweka kikapu chini, akafikiri, na kuuliza swali moja tu: mtu anaruhusiwa kubeba kilo ngapi?

"Nina dada yangu Kamembe," alisema. "Siwezi kufika kwake mikono mitupu."