Hatua Sitini na Mbili Kutoka Kwenye Jiwe

Enzi zetu pale Samuye, mwangwi haukununuliwa dukani. Uliishi kwenye jiwe. Najua wenye mvi watacheka kusikia "enzi zetu" kutoka kwa mwanamke ambaye hajafikisha hata miaka thelathini, lakini tuliochunga mbuzi pamoja kando ya lile jiwe kubwa nyuma ya kanisa tunaelewana. Tulisimama mbali, tukaita, na jiwe likarudisha. Pacha wangu Kulwa alipiga kelele, "Doto mwoga!" na jiwe likamuunga mkono. Bibi alituonya: "Msilitukane. Jiwe halina neno lake, litawarudishia yenu." Jioni tulirudi nyumbani koo zimekauka, tukakuta matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa juani, na maziwa ya mgando. Ukitafuna matobolwa huwezi kuongea. Nadhani mama alikuwa analijua hilo.

Kulwa hakukosea, nilikuwa mwoga kweli. Niliogopa kukosea kuliko nilivyoogopa nyoka. Gitaa langu la kwanza lilikuwa dumu la mafuta lenye nyuzi za waya wa breki za baiskeli, na kwa kuwa hakukuwa na wa kunifundisha, nilijifundisha mwenyewe kwa kusikiliza redio na kuchora nyuzi kwenye daftari. Nikikosea mstari mmoja, nilichana ukurasa mzima. Mama alikuwa anasema, "Daftari la huyu mtoto lina kurasa nne, zote safi." Nilipofika miaka kumi na minne kwaya ya kanisa ikatukabidhi magitaa yake ya umeme, mimi solo, Kulwa besi. Nilifurahi siku moja. Siku ya pili nikaanza kuhofia kwamba watagundua sijui kitu.

Mwaka huo kwaya iliamua kununua pedali, vile vikasha vya chuma unavyokanyaga kwa mguu vikageuza sauti ya gitaa. Enzi zetu kwaya haikuchangisha kwa simu. Tulikwenda na majembe. Msimu mzima tulipalilia pamba za watu, mistari miwili miwili, tukiimba ili tusihesabu jua. Mama Ng'washi, mwenyekiti wetu, alipalilia huku amejifunga kanga kiunoni kwa sababu mgongo ulikuwa unamsumbua. Mapato yalipopatikana, mwalimu wa kwaya akasema, "Doto ndiye mwenye sikio. Aende mjini akachague tatu, tupige nazo sikukuu ya mavuno."

Migongo yote ile ilikuwa imewekwa juu ya sikio langu.

Duka lilikuwa Shinyanga mjini, la mzee mmoja wa Kihindi tuliyemwita Babu Jivan. Mbele aliuza redio na vipuri vya cherehani, nyuma kulikuwa na rafu moja ya vyombo vya muziki. Aliniwekea kigoda, akanichomekea gitaa, akaniacha. Ya kwanza niliipata haraka, ya kukwaruza sauti, ili gitaa lisimezwe na ngoma. Ya pili ilifanya gitaa moja lisikike kama mawili yanayotembea bega kwa bega. Zote mbili zilitumia betri ndogo za mraba. Ya tatu ilikuwa ya mwangwi, na hapo ndipo nilipozama. Zilikuwepo mbili. Moja ilikuwa kuukuu, ya betri, imechubuka, mwangwi wake una vumbi. Nyingine ilikuwa mpya, ina taa ya kijani na waya mnene wa kuchomeka ukutani. Nilipoigusa, nikalisikia jiwe letu. Nilizijaribu kwa zamu mpaka Kulwa, aliyenisindikiza, akaenda kula mihogo, akarudi, akaenda tena.

"Binti," Babu Jivan akaniuliza, "hii inataka umeme wa ukutani. Kwenu umeme umefika?"

Hapa niungame. Kwetu umeme ulikuwa haujafika. Kanisani tulitumia betri ya gari, na amplifaya yetu ililishwa moja kwa moja kutoka kwenye betri hiyo. Lakini niliona haya kuonekana wa kijijini mbele ya mzee aliyeniamini akanipa kigoda. Nikajibu, "Umefika, babu." Moyoni nikajiambia, betri ya gari inaendesha kila kitu Samuye, haitashindwa kikasha kidogo namna hii.

Jumamosi, siku moja kabla ya sikukuu, kwaya nzima ilikusanyika kanisani kuziona zile pedali. Mbili za kwanza ziliitika, watu wakapiga vigelegele. Kisha nikatoa ya tatu. Kulwa akashika ile plagi, akaitazama, akatazama ukuta wa matofali ya udongo, upande huu na upande ule.

"Doto, tuchomeke wapi? Au tutoboe hapa tuone kama utatoka?"

Walicheka wote. Mimi nililia. Nikawaambia ukweli, kwamba niliulizwa nikadanganya, na kwamba nimetupa jasho lao. Mama Ng'washi aliichukua ile pedali, akaifuta kwa ncha ya kanga kama anavyofutwa mtoto kamasi, kisha akauliza, "Hiki kingefanya nini, ng'wanawane, mwanangu?"

"Kingerudisha sauti. Kama jiwe."

"Jiwe lipi?"

Nikanyoosha kidole dirishani. Akageuka, akalitazama, akanitazama. "Hilo limeondoka lini?"

Mchana ule tulifunga betri, amplifaya na spika ya honi kwenye baiskeli ya mwalimu, mdomo wa honi ukielekea kwenye jiwe. Vijana wa leo, wakitaka mwangwi uchelewe kidogo, wanazungusha kitufe kwa vidole viwili. Mimi kitufe changu kilikuwa Kulwa. "Rudi nyuma hatua kumi!" Napiga noti, nasikiliza, inawahi. "Tano tena!" Inachelewa, inagongana na ngoma. "Sogea mbele tatu!" Anasukuma baiskeli, jasho linamtoka, waya wa gitaa unanivuta nyuma yake kama mbuzi wa kuuzwa. Nilifanya hivyo mpaka baba, aliyekuwa amekuja kuangalia tu, akasema, "Doto, jiwe limekubali, Kulwa amechoka. Umebaki wewe."

Kulwa alikuwa amesimama hatua sitini na mbili kutoka kwenye jiwe. Tukachomeka kijiti pale.

Kesho yake mabenchi yalitolewa nje. Nilipopiga noti za kwanza, jiwe lilizipokea na kuzirudisha katikati ya mapigo ya ngoma, sawasawa, kama mtu anayejua wimbo. Nilikosea mara mbili, na Bibi alisema kweli, jiwe likanirudishia yote mawili mbele ya watu. Hakuna aliyejali. Kiongozi wa kwaya ya kijiji jirani aliinuka, akazunguka nyuma ya jiwe kumtafuta mpiga gitaa wa pili. Aliporudi mikono mitupu, Mama Ng'washi alicheka hadi akasahau mgongo wake. Nilitaka pedali irudishwe dukani, akakataa. "Umeme utakuja. Kitausubiri sandukuni."

Siku hizi naishi Kalangalala, Geita, na nafundisha gitaa. Wanafunzi wangu wana pedali arobaini ndani ya simu, na wanazipitia zote kabla hawajamaliza wimbo mmoja. Wananiuliza, "Shikamoo dada, nianze na zipi?" Nawaambia tatu zinatosha, ya kukwaruza, ya kulipatia gitaa mwenzake, na ya mwangwi, ila kwanza waniambie bila haya watachomeka wapi. Wanadhani natania.

Umeme ulifika Samuye baada ya miaka. Mama Ng'washi alifungua sanduku, akafungua kitenge kilichoifunika ile pedali, na taa ya kijani ikawaka mbele ya kwaya ileile, wengine wakiwa sasa na wajukuu. Alisikiliza, akasema ni nzuri, inafanana. Kisha akanikabidhi niondoke nayo, kwa kuwa wao, alisema, wanalo lao.

Ninayo hapa chumbani. Ni kweli, mambo yamekuwa rahisi, na sitaki mtu yeyote asukume baiskeli tena kwa ajili yangu. Lakini pembeni ya kitufe nimeweka nukta ya rangi ya kucha. Wanafunzi wakiuliza ni ya nini, nawaambia wazungushe hadi hapo, wasipite, wasiishie kabla. Hapo ndipo Kulwa aliposimama.