Kiboko wa Kina Kirefu

Mtaani walimwita Kiboko, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na mama yake. Alikuwa mtunza bwawa la kuogelea la shule: anaopoa majani kwa wavu wenye mpini mrefu, anasugua vigae, anatia dawa ya maji. Mtu anayeshinda bwawani, nani angemuuliza kama anajua kuogelea? Hakuulizwa, naye hakusema. Uongo ukaota mizizi, hadi akawa anasimulia nyumbani jinsi alivyovuka mto uliofurika akiwa kijana. Mto wenyewe aliuvukia darajani.

Watoto wa wafanyakazi walifundishwa kuogelea bure kila Jumamosi. Binti yake akaomba, akaomba tena.

“Maji yale yanaharibu masikio,” alisema Kiboko. Moyoni alijua kinachomtisha: mtoto akishaingia, atamwita baba yake aingie naye, na hapo ataumbuka.

Mkewe hakuukubali upuuzi huo. “Mvua ikinyesha mitaro inajaa, watoto wanacheza pembeni, wewe unahofia masikio?” Akampeleka mtoto mwenyewe. Kiboko akanuna, na kila Jumamosi akawa anajifungia chumba cha pampu, eti ana kazi.

Jumamosi moja majani yalijaa bwawani, ikambidi atoke. Aliweka wavu chini, akainama kung’oa jani lililoziba tundu la kutolea maji upande wa kina kirefu. Mguu ukateleza, chubwi! Akatapatapa, akameza maji. Watoto wakacheka, wakidhani Kiboko anawafanyia vituko.

Binti yake hakucheka. Hakuruka pia, maana alifundishwa kwamba anayezama harukiwi, anapelekewa kitu. Alilala kifudifudi ukingoni, akausukuma ule mpini wa wavu.

“Baba, shika! Usinivute, shika tu!”

Mwalimu akaja mbio, wakamtoa.

Aliketi akikohoa, nguo zimemganda mwilini. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Hata hapo akatafuta uongo mwingine.

“Msuli ulikaza, mwanangu.”

“Baba, hujui kuogelea.”

Kiboko akatazama vigae. “Sijui.”

Mtoto aliulaza wavu ukingoni. “Na zile siku nilizokuwa nakuletea chakula, nakaa hapa ukingoni nakusubiri? Ningetumbukia ingekuwaje?”

Siku zote hizo Kiboko alikuwa akimwambia, “Kaa tu hapo, usiogope, baba yako nipo.”